Mlango Usio na Komeo

Kisarawe,
14 Februari 1954

Mjomba Twalibu,

Najua barua huanza na salamu. Hii naianza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana nikitanguliza salamu nitaogopa, nitaishia kwenye habari za mihogo. Jambo lenyewe ni hili: kitabu chako cha jalada la kijani hakikuchukuliwa na mtani. Nilikichukua mimi. Siku ya matanga ya Babu, watani walipokuwa wanakimbizana uani na sufuria za watu, mkoba wako ulikuwa wazi juu ya kitanda cha Bibi, nikatia mkono. Nilidhani nitasoma kurasa mbili nirudishe. Kisha nikasikia unamshutumu mtani wako Saburi, watu wanacheka, nikashindwa kujitokeza. Sasa ni miezi minne.

Ndiyo sasa nasema shikamoo. Bibi hajambo, ila goti la kushoto linamsumbua kukiwa na mawingu, na mguu ule anauburuta. Mimi nami sijambo. Tangu mwezi wa kwanza nimewekwa ndani, ni mwali. Mchana sitoki, sauti siinui, anayepita uani hanioni. Nasuka ukili, na namlea mwanahiti, yule mtoto wa mti ambaye Bibi alipewa na mama yake siku alipowekwa ndani yeye. Namwogesha, nampaka mafuta, namvisha nguo kama mtoto wa kweli. Humo kwenye nguo zake ndimo ninamoficha karatasi.

Utajiuliza kalamu nimepata wapi. Bibi hajui kusoma, na katika nyumba hii msomaji ni mimi tu. Kwa hiyo barua zako ananiletea humu nimsomee, na majibu ananitajia nikuandikie. Ukurasa wa kwanza ni wake. Huu wa pili hajui kama upo. Mwali hatakiwi kuwa na maneno yake mwenyewe yanayotoka nje ya nyumba. Akijua, kalamu ataichukua.

Mwalimu Redempta wa shuleni alipita wiki jana. Nilimsikia ukutani akisema nafasi yangu ya kusomea ualimu wameniwekea mpaka Januari. Bibi akamjibu, "Hayo anayo mjomba wake. Wazazi wake hawapo, mwenye kauli ni Twalibu." Basi, sikusikia zaidi.

Kitabu nikirudishe kwa njia gani?

Mpwa wako,
Mwamini


Kongowe, Kibaha,
11 Machi 1954

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Sisi huku wazima, mtoto ameota jino la pili na anatuuma wote. Shule imejaa, nina watoto sitini na viti ishirini. Mafuta ya goti nitayatuma kwa gari la Jumatatu. Sugua jioni, usisugue asubuhi. Wasalaam, mwanao Twalibu.

Mwamini, hapa ndipo unyamaze. Kunja karatasi useme imekwisha.

Mpwa wangu, barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nilikumbuka jogoo, nikacheka mbele ya darasa mpaka watoto wakaogopa.

Hujui habari za jogoo. Siku ile Saburi alichukua viatu vyangu na kofia yangu, kama kawaida yao Wanyamwezi wakija msibani kwetu. Viatu nilivikomboa palepale. Kitabu kilipokosekana nikajua ni yeye. Mtani humkasirikii wala humpeleki kwa jumbe, unalipa fidia anayotaka. Tuliporudi Kibaha nikamfuata kambini kwao, shamba la mkonge.

Nikamwambia, "Mtani, nipe kitabu changu."

Akaniangalia. "Kitabu kipi?"

"Cha kijani."

"Aa, kile! Nimekisoma chote. Hakina picha hata moja. Lete jogoo."

Nikaleta jogoo. Akamla na wenzake, kisha akasema kitabu amekisahau mahali na atakikumbuka akishiba tena. Saburi hajui kusoma hata jina lake! Na mimi, mwalimu mzima, nikaamini.

Kitabu kile aliniachia yule Mwingereza niliyemfanyia ukalimani alipokuwa anaandika desturi zetu. Alisema, "Twalibu, hii ndiyo misingi ya elimu yangu, elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja." Nimekianza mara tatu, na mara zote tatu nimelala ukurasa wa kumi na moja.

Usikirudishe. Niambie wewe umefika ukurasa wa ngapi, na umeelewa nini.

Mjomba wako,
Twalibu bin Maneno


Kisarawe,
4 Aprili 1954

Mjomba, shikamoo. Mafuta yamefika. Bibi anasugua asubuhi na jioni, amesema daktari ni nani wewe. Mvua imeanza na paa la jiko linavuja upande wa mashariki. Barua yako nilimsomea mpaka ulipoagiza. Akaichukua mkononi, akaigeuza, akasema, "Karatasi nene hii, mbona maneno machache?" Nikamjibu mwandiko wako ni mkubwa. Mungu anisamehe.

Niko ukurasa wa mia na arobaini na mbili. Nisamehe kwa kukuambia hivyo, sitaki uone ninajivuna. Lakini najivuna kidogo.

Humo wamo wazee watatu ambao wengine wote wanasimama juu ya mabega yao: Mfaransa mmoja na Wajerumani wawili. Leo nakupa Mfaransa peke yake. Yeye anasema kuna mambo ambayo hayamo kichwani mwa mtu yeyote mmoja. Tumeyakuta tulipozaliwa na tutayaacha tukifa. Hatukuyatunga, lakini yanatuongoza. Huwezi kuyaona ukiyafuata, utayaona siku utakapoyasukuma, maana na yenyewe yatakusukuma. Anasema tuyachunguze kwa macho makavu, kama mtu anavyochunguza jiwe aliloliokota njiani.

Niliusoma ukurasa ule mara tano kwa kamusi na sikuelewa kitu. Kisha nikauelewa kwa mguu. Mlango wa chumba changu hauna komeo, Mjomba. Ni ubao tu, hata kuku anausukuma. Juzi Bibi alikwenda kisimani, uani hakukuwa na mtu. Nikasema, leo najaribu. Nikausukuma. Nikaona mwanga, nikaona migomba uliyopanda imezaa. Mguu ukakataa. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyeniona, na mguu ukakataa! Nikarudi nikakaa chini, nikafungua kitabu, na Mfaransa alikuwa ananisubiri palepale nilipomwacha.

Usidhani nililia. Niliona fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri. Bibi alikaa humu. Mama yangu Zena alikaa humu, na kwenye udongo wa ukuta karibu na kichwa changu bado zipo alama za vidole vyake alipousiliba. Lililonizuia mlangoni ndilo lililowaweka na wao hapa. Lakini mtu anaweza kulipenda jiwe na bado akataka kujua uzito wake.

Ijumaa walikuja wageni. Sauti moja ilikuwa ya Mzee Mwinyijuma wa dukani. Alitaja barua, akataja jina lako, akataja na mwanawe Mwishehe. Bibi akakohoa, nadhani kuwakumbusha kwamba niko nyuma ya ukuta. Sikusikia zaidi.

Ndizi zako karibu zitaiva.

Mwamini


Kongowe, Kibaha,
2 Mei 1954

(Za Bibi zote ziko ukurasa wa kwanza. Huu ni wako.)

Mpwa wangu, barabara ya Pugu ilikatika kwa mvua, barua yako imenifikia baada ya siku kumi na tisa na imelowa pembe moja. Nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea mke wangu. Akasema, "Huyu ni Mwamini yule asiyeweza kumwomba mtu chumvi?" Nikamwambia ndiye.

Mfaransa wako nimemjaribu. Jana niliingia darasani nimevaa kofia yangu nyuma mbele. Hakuna sheria ya serikali inayokataza. Watoto walianza kucheka, na mimi mwenyewe kabla ya saa kuisha mkono ulikwenda ukaigeuza bila kuuagiza. Kwa hiyo nakubali, jiwe lipo.

Lakini nina swali. Kisarawe tunafanana: sote tunalima mihogo, sote tunazikana, ukimjua mmoja umewajua kumi. Nimekwenda kambini kwa Saburi. Pale yuko Mnyamwezi, yuko Mmakonde, yuko Mluguru. Mmoja anakata mkonge, mwingine anausukuma kwa toroli, mwingine yuko kwenye mashine, wanawake wanaanika. Hawafanani lugha wala mapishi wala wanavyozika. Wameshikanaje hawa? Mzee wako anasemaje?

Saburi anakusalimu. Nimemweleza ukweli kuhusu kitabu. Amesema jogoo harudi.

Ramadhani inaingia. Mwangalie Bibi asifunge akiumwa.

Mjomba wako


Kisarawe,
23 Mei 1954

Mjomba, shikamoo na saumu njema. Bibi anafunga, nani wa kumkataza? Futari yetu ni mihogo ya nazi, na kuna siku majirani wanaleta tambi. Nimekonda kidogo. Mwanahiti amenenepa. Jana Bibi alimpapasa tumboni, akasema, "Mwanao huyu anakula nini? Mama anafunga, mtoto ananenepa." Nilijisikia kama nimemwagiwa maji. Akamrudisha mkekani, akaenda zake.

Jibu lako liko sura ya nne. Mfaransa anasema kuna kushikamana kwa namna mbili. Moja ni ya wanaofanana, kama sisi. Nyingine ni ya wasiofanana, ambao kila mmoja ameshika kipande chake cha kazi na hawezi kumaliza bila mwenzake. Wanaoanika wakikosa kuja siku moja, mkataji amekata bure. Hapo panaingia Mjerumani wa kwanza, mwenye ndevu nyingi. Yeye anasema kabla hujasifu ushirikiano huo, uliza kwanza mashine ni ya nani, na aliye na mikono tu anaondoka na nini jioni. Sura hiyo niliisoma kwa sauti ndogo kuliko desturi ya mwali.

Mjerumani wa pili ndiye aliyeninyima usingizi. Anauliza swali la mtoto: kwa nini watu wanatii? Anasema ziko njia tatu. Kuna kutii kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, hivyo ndivyo ninavyomtii Bibi. Kuna kutii mtu kwa sababu ya nuru aliyo nayo yeye mwenyewe, akisema watu wanaacha majembe wanamfuata. Na kuna kutii karatasi yenye mhuri, hata kama aliyeishika ni karani mwenye mafua, kama pale bomani.

Nimejipima katika hizo tatu. Wewe, Mjomba, nakutii kwa ipi?

Kwa desturi ni lazima, wewe ndiye mjomba. Lakini ulipokuwa unanifundisha kusoma kwa mkaa juu ya ungo, nilikuwa na miaka mitano na desturi sikuijua. Nilikutii kwa sababu uso wako uling'aa nilipopatia.

Barua iliyopita nilikutajia Mzee Mwinyijuma. Umenijibu kila kitu, hata kofia, hilo hukujibu. Nami sikuulizi. Nimesema tu kwamba nimeona.

Mwalimu Redempta amepita tena. Nafasi bado ni mpaka Januari.

Mwamini


Kongowe, Kibaha,
15 Juni 1954

Mwamini,

Idi imepita salama. Za Bibi ziko mbele.

Umeniuliza bila kuniuliza, na mimi nimechoka kuzunguka. Barua ya posa ninayo mimi, kwenye sanduku langu, tangu mwezi wa tatu. Imeandikwa vizuri, kwa adabu zote. Mwishehe ni kijana mwema. Na Babu yako, miezi miwili kabla hajafa, alimwahidi Mwinyijuma kwa mdomo wake, mbele ya msikiti. Mimi sikuwapo. Mwinyijuma ndiye aliyeshika jeneza la Babu upande wa kichwa.

Nikikataa nimemfanya marehemu mwongo. Nikikubali, najua ninachokizima. Kuchelewa nako ni kukataa, watu wameanza kuuliza. Jibu linatakiwa siku ya hitima ya Babu, Jumamosi tarehe kumi mwezi ujao, mbele ya wazee wote.

Sitaki uniambie unataka nini. Ukiniambia nitakuwa najua, na nitasimama pale nikijua.

Mfaransa wako amesema kweli. Nimesukuma, na limenisukuma.

Twalibu


Kisarawe,
24 Juni 1954

Mjomba, shikamoo.

Bibi mzima, paa limezibwa. Sikuambii ninachotaka, umesema nisikuambie.

Nakuandikia habari za elimu tu. Kitabu nimekimaliza. Mwisho wake zipo kurasa nne tupu, na nimezijaza mimi, kwa Kiswahili, kwa sababu lipo jambo ambalo wazee wale watatu hawakuliona. Nimetafuta sura nzima, nimetafuta na faharisi. Utani haumo! Sidhani kama kuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtani. Nimewaonea huruma. Wamejua mengi kuhusu ukuta, hawakujua kwamba sisi tulijenga na dirisha.

Nimeandika hivi. Desturi inabana, na hapo Mfaransa kasema kweli. Watu wakibanwa bila pumzi hupasuka. Kwa hiyo desturi hiyohiyo imemweka mtu mmoja, si ndugu wala si mgeni, ambaye kazi yake ni kuivunja mbele ya watu. Anaingia msibani akicheka, analala ndani ya kaburi akidai chake, anachukua sufuria, anamwambia mzee maneno ambayo mwanawe akiyasema atalaaniwa. Na akishavunja, hakuna kilichovunjika, kwa sababu kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko alilolitenda. Alichokichukua hukipati mpaka utoe fidia aliyoitaja yeye, si uliyoitaja wewe. Hapo hamtii jumbe, hamtii boma, hamtii marehemu. Wote mnamtii mtani, na wote mnacheka.

Nadhani ndiyo maana mlango wangu hauna komeo. Aliyeanza desturi hii alijua kuna siku.

Limebaki swali moja, ni la elimu tu. Mtani akilipwa jogoo mzima kwa kitu ambacho hakukichukua, je, hajabakiza wizi mmoja?

Mpwa wako,
Mwamini


Kisarawe,
12 Julai 1954

Mjomba,

Barua ile hukuijibu, na umeondoka jana bila kuja ukutani kuniaga. Labda ulifanya makusudi. Basi nakuandikia nilivyosikia mimi, maana wewe ulikuwepo kwa macho na mimi nilikuwepo kwa masikio, na nataka tulinganishe.

Nilisikia dua ikiisha. Nikasikia masinia yakiondolewa, na Mzee Pazi akisema pilau imezidi bizari. Kisha nikawasikia watu wakijiweka sawa mkekani. Wewe ukakohoa. Ukasema, "Wazee wangu, kuna barua iliyonifikia, na leo ndiyo siku yake." Nikasikia karatasi. Mwanahiti nilikuwa nimempakata, nikamshika kwa nguvu mpaka ukucha ukaingia kwenye mti.

Mara miguu inakimbia, watu, "Eee! Eee!" na sauti ya Saburi:

"Hii nimechukua!"

"Rudisha, wewe mbeba mizigo!" Huyo alikuwa Mzee Mwinyijuma.

"Ndiyo, mbeba mizigo! Babu zangu walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, zikawavunja shingo. Leo nimepata mzigo wa kunifaa, karatasi moja, mnaniambia nitue?"

Watu wakacheka. Wewe ukasema, na sauti yako Mjomba ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu anayesoma alichokikariri: "Haya mtani. Sema fidia yako. Jogoo?"

"Jogoo wako nilimla kwa kitabu nisichokichukua. Safari hii nimeiba kweli, sitaki kuku."

"Mbuzi basi," akasema Mzee Pazi.

"Mbuzi mle wenyewe, nyote mmekonda kwa ngoma. Mimi sijui kusoma. Nataka kwanza nisomewe hii barua, nijue nimeiba nini."

"Mimi hapa mwalimu," ukasema.

"Wewe? Wewe unasoma kama unafukuza ng'ombe! Nataka anisomee mwalimu mwanamke, na awe amezaliwa nyumba hii hii ya marehemu. Siku atakapokuja na cheti chake cha ualimu, akae hapa, anisomee taratibu, nitaitoa. Kabla ya hapo hata bwana mkubwa wa boma haioni."

Kikafuata kimya. Mjomba, kimya kile sitakisahau. Nilisikia mpaka majani ya migomba. Nilijua kila mtu pale amekwisha kuelewa, na kila mtu anamtazama mtu mmoja.

Kisha Mzee Mwinyijuma akaanza kucheka. Alianza kidogo, kwenye pua. Baadaye kikawa kicheko cha tumbo, mpaka akakohoa, akaomba maji. Akasema, "Marehemu Maneno angekuwa hai angekufa leo tena! Haya. Wazee, mmesikia, fidia ya mtani hailipwi nusu. Ahadi ya Maneno sijaivunja mimi, na mwanawe hajaivunja. Imo mfukoni mwa Mnyamwezi." Na wote wakaangua kicheko, na mtu akapiga kofi mgongo wa mtu, nadhani ni wewe.

Mimi humu ndani niliziba mdomo kwa nguo ya mwanahiti. Bibi aliingia, akanikuta hivyo. Hakuuliza. Alisema tu, "Mwali hacheki," akageuka ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Sasa niambie, Mjomba. Ulimtuma?

Mwamini


Kongowe, Kibaha,
1 Agosti 1954

Mpwa wangu,

Unaniuliza kama nilimtuma. Mtani hatumwi. Akitumwa si mtani, ni tarishi. Hilo liandike kwenye kurasa zako kama halimo.

Nitakuambia nilichokiona ambacho masikio yako hayakukipata. Wakati wa kile kimya, Mwinyijuma hakumwangalia Saburi, aliangalia mlango wako. Muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi, na hapo ndipo alipoanza kucheka. Sijui aliona nini. Nadhani aliona njia ya kupita ambayo haimvunjii mtu heshima, akaamua kuwa wa kwanza kupita. Huyo ni mtu mkubwa. Duka lake lipo karibu nawe, ukitoka nje umpe shikamoo yake kamili. Kisha nimesikia ameandika barua nyingine ya posa, ya kwenda Maneromango, na Mwishehe safari hii kaipeleka mwenyewe kwa baiskeli.

Kwa Mwalimu Redempta nimeandika. Januari utakwenda. Nimeweka sahihi kwa jina langu lote.

Uliniuliza unanitii kwa njia ipi. Nimefikiri sana. Ungo na mkaa ninavikumbuka. Uliandika herufi ya kwanza ukaigeuza kichwa chini, ukasema, "Imelala." Nilitoka nje nikamwambia Babu yako, "Huyu ataniacha njiani." Babu akasema, "Basi usimshike mguu." Alisema hivyo, Mwamini, mdomo uleule uliotoa ile ahadi nyingine. Nimelibeba neno moja nikalisahau la pili. Hilo ndilo kosa langu, na sikuwahi kumwambia mtu.

Nina ombi moja tu. Zile kurasa nne ulizoandika mwishoni mwa kitabu. Ziko bila jina, nakujua. Waliotangulia wote majina yao yamo juu ya sura zao. Weka lako.

Saburi anauliza miaka ya ualimu ni mingapi. Nimemwambia miwili. Ameificha barua ndani ya mto wake, anasema inamtekenya.

Mjomba wako anayejivuna, na hajivuni kidogo,
Twalibu bin Maneno


Kisarawe,
20 Agosti 1954

Mjomba, shikamoo.

Kesho natolewa nje. Tangu jana wanawake wanatwanga, ngoma zimeanikwa juani zipate kukaza. Wameninyoa, wamenipaka mafuta, nimekuwa kama kikombe kipya. Kanga ya kisutu uliyonitumia nimeiweka chini ya mto.

Mwanahiti lazima nimrudishe kwa Bibi jioni hii, akamsubiri mwali mwingine, labda binti yako mwenye meno mawili. Kwa hiyo nimemvua nguo. Zimetoka barua zako nne, zimetoka na zangu nilizoziharibu nikaona haya kuzituma, moja yenye neno "naomba" limeandikwa mara saba na kukatwa mara saba. Zote zimejaa mkekani. Yeye mwenyewe amebaki mwembamba kama alivyochongwa. Kitabu nacho nimekitoa chini ya jamvi. Kwenye ukurasa wa kwanza kati ya zile nne nimeandika: *Sura ya utani. Imeandikwa na Mwamini binti Zena, Kisarawe, akiwa ndani.* Na ukutani nimeweka alama za vidole vyangu pembeni ya vya Mama.

Leo asubuhi Bibi aliniletea uji, akasimama, akasema, "Ile barua ya kwanza ya mjomba wako, ya mafuta ya goti. Ulisema imekwisha." Nikasema ndiyo, Bibi. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Kuhesabu karatasi najua." Akaondoka na kikombe.

Kwa hiyo alijua tangu Machi. Alimpapasa mwanahiti akajua amebeba nini, akamrudisha mkekani. Alikohoa siku ya wageni, na mimi nikadhani anawazuia wao wasiseme. Sasa sina hakika. Labda alikuwa ananiambia nisikilize.

Namsikia anakuja. Mguu wa kulia, kisha ule wa kushoto unaburuta. Mguu wa kulia. Amefika kwenye jiko. Barua zote ziko wazi, kitabu kiko wazi, na hii ninayokuandikia wino haujakauka. Siku nyingine muda huu ningekuwa nimekwisha kukunja na kumvisha mtoto.

Amefika mlangoni. Nitaanza kumsomea pale nilipokuwa naishia.